Kikohozi cha Getini

Simu za mkononi zilikuwa zimeshafika kwetu Dagoretti, lakini mama hakuwa akipiga simu wala kugonga geti. Akitoka kazini Upper Hill alikuwa akikohoa mara moja tu getini, bata mzinga wetu akamjibu kwa kelele, nasi tukakimbia kufungua. Hata baada ya kumzika mama, yule ndege aliendelea kupiga kelele kila jioni, saa ileile aliyokuwa akirudi. Tukifungua, hakuna mtu.

Baba akashindwa kuvumilia, akamchinja.

Hakuna aliyetaka kuona paja wala bawa lake mezani, kwa hiyo nikasaga nyama yote nipike baga alizotufundisha mama. Nyama ya bata mzinga hukauka ukiifanyia ujinga. Nilikuna kitunguu, nikaloweka mkate kwenye maziwa, nikachanganya na dania. Dada yangu alipoanza kuzikandamiza kwenye kikaango nikamfokea, kama mama: “Acha! Unazikamua maji yote!”

Zilikuwa tamu, maji yake yakitutiririka vidoleni. Ndipo mtu akakohoa getini, mara moja.

Hakuna aliyeinuka. Baba akairudisha baga yake sahanini polepole. Aliyezoea kujibu alikuwa kwenye sahani zetu.