Mwanaidi Alivyopanda Mlima wa Mbeya

Siku Mwanaidi alipotoka eda, wifi yake Bibie alimwekea maji ya kuoga, akamvisha dera jipya, akamkalisha sebuleni majirani waje kumwona. Wakaja wengi. Mwanaidi aliwaitikia wote, akanywa chai, akasema alhamdulillahi kila alipoulizwa hali. Moyoni hamkuwa na kitu. Tangu mumewe Yunusu aanguke dukani na kufikishwa hospitali akiwa ameshakata roho, hakuwa ametoa hata chozi, na alijua kuwa pale Mbalizi watu walishaanza kulisema jambo hilo.

Yunusu alikuwa muuza mitumba, hasa makoti mazito, maana Mbeya koti halikosi mnunuzi. Kila msimu wa baridi alipanda Mlima wa Mbeya na wenzake wa sokoni, akarudi midomo imempasuka na maneno hayamwishi. Kule juu, alikuwa akisema, unaliona bonde lote la Usangu chini yako. "Mwakani twende wote," humwambia mkewe. Naye humjibu, "Duka nimwachie nani?"

Sasa kaka yake Mwanaidi, Rayyan, alikuwa amepiga simu kutoka Iringa. Alisema atakuja Jumapili na gari kumchukua akaishi kwake moja kwa moja. Mwanaidi alisema sawa. Siku hizo alisema sawa kwa kila kitu. Bibie alimfungia nguo kwenye mabegi mawili, naye akakaa akitazama.

Jumamosi, baada ya sala ya alfajiri, aligonga mlango wa pili. Hapo aliishi Tumpe, Mnyakyusa aliyeolewa na Msafwa wa vijiji vya chini ya mlima, na aliyewahi kulima pareto huko kwa miaka mingi.

"Nataka kupanda mlima," Mwanaidi alisema.

"Leo? Mwezi wa saba huu, mwenzangu. Huko juu majani yanaganda."

"Kesho naondoka."

Tumpe akaingia ndani kuchemsha viazi.

Bajaji iliwaacha mwisho wa barabara. Walipita mashamba ya viazi, wakaingia kwenye mikaratusi, na walipotoka upande wa pili ilikuwa kama wamevuka mpaka. Majani yote ya mlimani yalikuwa meupe kwa sakitu, umande ulioganda, yakivunjika chini ya viatu kama vigae. Mwanaidi alikuwa amevaa koti la Yunusu, lililomfika magotini. Tumpe alitangulia na fimbo, akisimama kila mara kumgeukia.

"Umechoka?"

"Hapana."

Ilikuwa kweli. Miguu ilikwenda yenyewe. Mwinuko ulipokuwa mkali hata wakashika majani kwa mikono, wingu lilishuka, likaja na upepo na manyunyu yaliyochoma usoni. Tumpe akasimama.

"Turudi. Hatutaona kitu huko."

"Wewe nisubiri hapa."

"Nikusubiri hapa halafu kaka yako nimwambie nini?" Tumpe alifuta uso kwa upande wa kitenge, akaendelea kupanda.

Kileleni palikuwa na mawe, nguzo fupi ya zege, na weupe kila upande. Usangu haikuonekana, wala Mbalizi. Mwanaidi alisimama pale ambapo bila shaka mumewe aliwahi kusimama, akangoja. Alikuwa amejiambia kuwa hapa, mbali na macho ya watu, kilio kitakuja chenyewe. Aliomba dua. Akalitaja jina la Yunusu kwa sauti, mara moja. Upepo ukalichukua, na ndani yake pakabaki vilevile kama chumba kilichohamwa.

Walikaa nyuma ya jiwe wakala viazi vilivyokwisha kupoa.

"Nilidhani utalia," Tumpe alisema.

"Na mimi nilidhani hivyo."

Tumpe alitafuna, akameza. "Basi," akasema, akamsogezea kiazi kingine.

Wakati wa kushuka, kwenye mteremko wa majani yaliyolowa, Tumpe aliteleza. Alikwenda chini kwa mgongo hadi jiwe likamzuia, na Mwanaidi alipomfikia alikuwa ameshika goti kwa mikono miwili, uso umepauka. Goti lilikuwa limeanza kuvimba. Mwanaidi alivua mtandio wake, akalifunga. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi. Ilimbidi aangalie kwa macho kujua kama fundo limekaza.

"Nishike begani," alisema.

"Mimi mzito."

"Nishike."

Walishuka hivyo, kwa kujikokota, wakipumzika kila penye jiwe. Tumpe aliguna kwa maumivu, kisha akaanza kumsengenya mama mkwe wake ili kuyasahau. Mwanaidi alijibu pale ilipobidi. Walipofika kwenye mashamba, wingu lilikuwa limebaki juu yao na jua la jioni liko Mbalizi. Mzee mmoja aliyekuwa akipakia viazi aliwapa nafasi juu ya magunia.

Bibie alimpokea Mwanaidi mlangoni. "Haya, mmeona nini huko?"

"Hatukuona kitu, wifi."

Kesho yake Rayyan alifika, akala wali, akaanza kubeba mabegi. Mwanaidi alimzuia akiwa na begi la kwanza mkononi.

"Siji wiki hii, kaka. Tumpe hawezi kutembea. Mumewe yuko kijijini kwao, na maji hana wa kumchotea."

"Jirani tu huyo, Mwanaidi."

"Ameumia goti kwa ajili yangu."

Rayyan aliliweka begi chini. Mwishowe akarudi Iringa peke yake.

Goti la Tumpe lilichukua zaidi ya mwezi. Mwanaidi alimchotea maji, akampelekea mahindi mashineni, na kwa kuwa njia ya mashineni inapita sokoni, siku moja alifungua duka la Yunusu lipigwe na hewa kidogo. Mteja akaingia, akaulizia koti la mtoto. Akamtafutia. Usiku alilala bila kuwaza kitu, kama kawaida yake siku hizo, na asubuhi akaenda kufungua tena.

Rayyan alipopiga simu kuuliza ni lini, alimjibu kuwa atamwambia. Mabegi aliyafungua mwenyewe, akazirudisha nguo kabatini.