Mzimamoto Ajifunza Kuwasha

Kwa miaka thelathini na moja Mzee Ndoo alikuwa mzimamoto, na kazi aliileta mpaka nyumbani. Jikoni aliweka ndoo ya mchanga, ndiyo iliyompa jina. Mishumaa aliipiga marufuku. Siku ya kuzaliwa mkewe alipuliza hewa tupu juu ya keki, mama wa watu akavumilia.

Alipostaafu, mkewe akasema sasa ni zamu yake. Alitaka kulala porini kwenye hema wiki nzima, anywe chai ya kuni. Mume akajifunze kuwasha moto. Akishindwa, yeye mke angekwenda na dada yake. Mzee Ndoo na shemeji huyo hawapikiki chungu kimoja, tena kuachwa nyumbani peke yake kulimtia huzuni ya kweli. Akajiandikisha siku hiyohiyo kwenye kambi ya mafunzo ya porini, ya kila Jumamosi.

Mwalimu wa kambi, binti wa umri wa mwanawe, alikuwa na sharti moja: upekeche kijiti juu ya kibao hadi upate kaa, uwashe kuni, sufuria ya maji ichemke. Jumamosi ya kwanza Mzee Ndoo alipekecha mpaka viganja vikaota malengelenge. Moshi ukafuka, nyasi kavu zikashika. Papo hapo akaukanyagakanyaga moto wake mwenyewe, akaumwagia maji ya chai, akawaamuru wanafunzi wenzake warudi nyuma.

Jumamosi ya pili mambo yakawa yaleyale. Ya tatu alizima na moto wa mwanafunzi wa jirani. Mwalimu akamwambia kwa upole kwamba kuwasha anajua. Kinachomshinda ni kuuacha.

Siku ya mtihani mkewe alikuja kushuhudia. Moto ulipowaka tu, akiwa bado ameketi chini, buti la Mzee Ndoo likaanza kuinuka. Mkewe akamkalia mapajani kwa uzito wake wote, akamshika mikono yote miwili.

“Mke wangu, unawaka.”

“Naona.”

“Unazidi.”

“Uache uzidi, baba.”

Jasho likamtiririka. Alihesabu ndimi za moto, alipima upepo, alinong'ona namba ya dharura. Hatimaye maji yakachemka, mwalimu akaandika kwamba amefaulu.

“Sasa niuzime?” akauliza.

“Bado. Nataka tuuangalie.”

Mzee Ndoo hakuwahi kutazama moto bila kutafuta wa kuokolewa. Akautazama, miguu imekufa ganzi, na hakumwambia mkewe ainuke.