Nilivyompeleka Mum kwa Mchina

Kwa chakula cha Kichina, Nakuru mzima hakuna mtu ananiweza. Hata Mchina mwenyewe akikwama jikoni, anipigie.

Basi leo nikampeleka mathe wangu kwa ile hoteli ndogo ya Kichina nyuma ya soko. Alitoka Lanet amevaa nguo ya kanisa, anatabasamu njia yote.

Wakaleta vimandazi vya nyama vilivyopikwa kwa mvuke, na kibakuli cha kitu cheusi.

Mum akaniuliza, "Na hii?"

"Hiyo ni supu, Mum. Unaanza nayo, kama vile unaanza na supu kwa nyama choma za Kikopey."

Akaniamini. Akabugia funda kubwa.

Kumbe ni siki na pilipili ya kuchovya. Wueh.

Akakohoa mpaka machozi. Wasichana wa kampasi, meza ya kando, wakacheka hadi wakalaliana. Mmoja akaniuliza, "Boss, huyo ni mathe yako?"

Nyinyi mnaojua huu mdomo wangu, niambieni mngejibu nini.

Mimi nilisema, "Zii, ni jirani tu."

Mum alisikia. Akapanguza mdomo, akawaambia wale wasichana polepole, "Ndio, mimi ni jirani yake."