Kadi Haina Magoti

Jumanne nilikuwa kliniki moja hapa Mwanza. Wagonjwa tumekaa kwenye mabenchi, kadi zetu ndizo zilizopanga foleni sakafuni hadi dirisha la dawa. Mhudumu mgeni akafungua dirisha, akashangaa.

"Pangeni mstari! Nani kawaruhusu kuweka kadi chini?"

Bibi mmoja wa Kigongo akanyanyua mkono wenye vidole vilivyovimba. "Mwanangu, ni mama mmoja wa kofia pana, mgonjwa mwenzetu. Alikuwa na lupus kama mimi, kinga ya mwili inakugeuka, viungo vinawaka. Alibishana na wakubwa wa hapa mpaka wakakubali. Alisema, 'Kadi haina magoti. Iache ipange foleni, wewe kaa.'"

"Yuko wapi huyo mama, niongee naye?"

"Tulimzika mwezi uliopita."

Mhudumu akatoka, akainama, akaokota kadi ya kwanza, ya yule bibi, akachukua dawa zake, akampelekea palepale alipokaa, kwa mikono miwili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Maishani nimesimamishwa na wengi: walimu, wageni rasmi, makarani wa kila ofisi. Aliyepigania nikae ni yule mama peke yake. Asante, mama.