Kichwa cha Ngege

Tulihamia Kondele mwishoni mwa miaka ya sitini, mimi na mume wangu, na vitu vyetu havikujaza hata nusu ya lori. Kitanda, jiko, masanduku mawili, na gunia la viazi alilotupatia mama yangu kwa sababu aliamini huku ziwani watu hawajui viazi. Mume wangu alikuja kuuza vitambaa. Mimi nilikuja kununa.

Siku ya pili, kabla sijatundika pazia, jirani wa mlango wa pili alibisha hodi. Alikuwa amenizidi umri kidogo, na kicheko chake kilisikika hadi barabarani. Mkononi alikuwa na sahani ya bati yenye maua mekundu, imefunikwa kwa nyingine.

"Karibu kwetu, mama. Kula, itapoa."

Ndani alilala ngege mzima kwenye mchuzi wa nyanya, jicho wazi.

Kwetu milimani samaki hakuwa chakula. Bibi yangu alimweka fungu moja na nyoka. Mume wangu, aliyezoea safari, alikula mnofu wote akalamba na vidole. Kichwa nilikishika kwa gazeti, uso nimegeuza, nikakitupa chooni.

Sahani sikuirudisha tupu, maana nilifunzwa adabu. Niliijaza viazi. Jirani akashukuru, kisha akauliza kwa furaha, "Na kichwa? Nani alikula kichwa?"

"Kichwa nilitupa chooni," nikasema, tena kwa kujidai, nikitaka ajue mimi ni mtu wa usafi.

Kicheko kilikatika. "Chooni," akasema. "Sawa, mama." Akaingia ndani.

Mpangaji mwingine ndiye aliyenieleza, tukiwa kwenye bomba la maji. Si kila mtu hupewa kichwa cha ngege. Huwekewa baba wa nyumba, au mgeni wa heshima. Siku ile jirani yangu alikuwa na samaki mmoja tu, na mumewe alikula ugali kwa mboga ili mimi nikaribishwe.

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Zilikuwa hatua sita tu hadi mlangoni pake, niseme samahani. Sikwenda. Nilijiambia kwamba yeye ndiye aliyepaswa kuniuliza kwanza kama ninakula samaki. Nilikuwa mjinga, tena mwenye kiburi. Aliendelea kunisalimia vizuri, hata akanionyesha soko, lakini mlangoni pangu hakubisha hodi tena. Na sikuwa na rafiki mwingine pale.

Nikajifunza kula samaki kimyakimya. Mwaka uliofuata nilikuwa nafyonza kichwa mpaka mfupa unabaki mweupe. Nikapanga nimpikie ngege, nimwekee yeye kichwa, na hapo hapo niombe radhi. Nilipanga hivyo Jumapili nyingi.

Kisha mumewe akapata kazi Kombewa. Asubuhi ya kuhama, vitu vyao vikiwa tayari kwenye lori, nilisikia hodi. Alikuwa ameshika ile sahani ya maua mekundu.

"Hii ni ya kwaheri, mama. Kula bila wasiwasi. Kichwa nimetoa, najua wewe hupendi."

Alikuwa amekikata vizuri sana, kwa kisu kikali. Bado ningeweza kusema. Nilisema asante.

Lori lilipoondoka nilikaa mezani nikamla yule samaki hadi mkia, huku nikikililia kichwa.