Nilimsomea Baba Ukurasa Ambao Haupo

Admin, jina langu naomba libaki kwako, maana Tabora tunajuana. Mimi ni mwanamke wa miaka 33, nimeachika, naishi na baba yangu mzazi na nashona nguo hapo hapo nyumbani. Naandika haya nimesimama, kukaa kumenishinda tangu jana.

Baba alikuwa nyapara wa njia ya reli kule Kaliua mpaka alipostaafu. Presha ya macho imemmaliza, sasa haoni kabisa. Kaka yangu, mwalimu wa Kiingereza huko Dar, humletea vitabu vinene vya mtumba vya historia ya Marekani: marais wao, madaraja, mabwawa, reli zilizopasua milima. Baba anavipenda kuliko redio. Kila siku baada ya alasiri mimi namsomea kwa Kiswahili.

Sasa jamani, mimi nimeishia kidato cha nne, na hata hicho Kiingereza niliangalizia. Nikikutana na maneno magumu ya mitambo na zege naruka, naunga kwa akili yangu. Baba anauliza, "Halafu ikawaje?" nami naona aibu kumwambia sijui. Taratibu nikawa natunga kurasa nzima, na sitaki kuwadanganya, nilikuwa naona raha. Rais akiwa mkali mno nampoza, mhandisi akifa mapema namwongezea siku.

Mwezi uliopita tulikuwa kwenye kitabu cha ule mfereji wa Panama. Ukurasa umejaa vipimo tupu. Nikatunga kwamba rais alishuka shimoni kwenye tope, akamtafuta kibarua aliyefukuzwa kwa kosa ambalo hakulifanya, akavua kofia na kumwomba radhi mbele ya wenzake. Baba akaniambia nifunge kitabu. Siku tatu hakutaka kusomewa. Siku ya nne akaniambia, "Mama, kuna mtu nilimfukuzisha kazi Kaliua, nikasema kaiba spana. Spana zikaja kuonekana, nikakaa kimya. Kama mkubwa yule aliweza, mimi nani?"

Nililia. Mtu huyo namkumbuka. Nilikuwa mdogo siku yeye na familia yake walipotolewa kwenye kota, nyumba za wafanyakazi wa reli, godoro limefungwa kwenye baiskeli. Labda ndiyo maana nilitunga vile, mwenyewe sijui.

Baba akatuma salamu. Mzee yule yu hai ila anaumwa, akajibu kwamba aje, anamsubiri. Jumamosi hii tunapanda treni, sisi na kaka na wazee wawili wa msikitini wawe mashahidi. Na baba anataka kaka asome ukurasa ule mbele ya familia ya yule mzee, ndipo yeye aombe radhi. Anasema hana maneno mazuri kama ya kitabu.

Nikampigia kaka nikamweleza yote. Kwanza alicheka, kisha akakasirika.

"Siwezi kusoma mbele ya watu wazima kitu ambacho hakipo," alisema. "Mwambie baba mwenyewe kabla sijafika."

Nikimwambia, naogopa ataahirisha safari na mzee wa watu atakufa akisubiri. Isitoshe hataniamini tena, na macho yake ni mimi. Nisipomwambia, ataaibika mbele ya watu aliowakosea, waone amekuja kuwadhihaki kwa hadithi ya uongo. Cherehani sijaigusa, nguo za wateja zimelala. Nafagia uwanja uliokwisha kufagiwa.

Asubuhi hii baba kaniita, kanipa kipande cha uzi mwekundu alichokiokota kwa kupapasa chini ya cherehani yangu. Kasema niuweke pale rais aliposhuka shimoni, ili kaka asihangaike kutafuta. Nimefungua kitabu na kukifunga mara nne. Ndugu zangu mnaosoma, nipeni akili, maana yangu imeishia hapa. Baba yuko kibarazani, ananiuliza kama nimeshauweka.