Ukuta Usio na Msomaji

Bi Amne Khatib hakumpenda msomaji anayeteremsha sauti pale maiti anapokaribia kuonekana. Huo aliuita udanganyifu. "Mauti hayateremshi sauti, mwanangu," alimwambia bintiye Tabia katika ujumbe aliomrekodia kwa simu. "Baba yako kafa huku anauliza kama chai imetiwa tangawizi."

Tabia alikuwa ameolewa Maskati, na ndiye aliyekuwa akimtumia mama yake vitabu vya kusikiliza tangu presha ya macho ilipomnyang'anya maandishi. Alimtumia vya historia na vya upelelezi. Vya mapenzi Bi Amne alivikataa, kwa kuwa, alisema, mwisho wake aujua na katikati yake ameshaipitia. Kila alipomaliza kitabu alikaa kitandani, akaiweka simu mdomoni kama kipande cha embe, akatoa hukumu.

Sikio lake lilikuwa limesoma kuliko macho yake. Katika ujana wake alikuwa opereta wa simu, zama zile mtu alipotaka kuzungumza na Pemba au Dar es Salaam ilikuwa lazima apite mikononi mwa mtu. Alijifunza kumtambua anayelia bila ya kilio, na anayeapa huku anasema uwongo. Kwa hiyo wasomaji wa vitabu hawakumpumbaza. Huyu alikuwa na njaa alipokuwa akisoma. Yule hakuipenda hadithi yenyewe.

Vya historia alivilaumu kwamba watu wake wanajijua kuwa ni historia. Wanazungumza kama waliosimama kupigwa picha. Hakuna anayetafuta kiatu chake cha pili, na mji mzima wanaupita bila ya kunusa papa mkavu. Vya upelelezi alivisikiliza kwa ukali zaidi. Muuaji, alisema, usimtafute kwa mwenye chuki. Mtafute yule ambaye hapana mtu nyumbani anayetaka kulitaja jina lake. Kwa kanuni hiyo alikuwa akimjua mapema, na akafika sura ya mwisho kumsuta mwandishi tu.

Mumewe, Masoud, alifariki masika yalipokuwa yakibisha hodi. Bi Amne akakaa eda katika nyumba yao ya Sokomuhogo, miezi minne na siku kumi, bila ya hina, bila ya udi, bila ya kuvuka kizingiti. Wifi yake Wanu, dada wa marehemu, alihamia chumba cha chini kumtunza. Na kumtunza ilikuwa pia kumlinda asije akaivunja eda ya kaka yake.

Mara ya kwanza Bi Amne aliposikia ile sauti alidhani imo kitabuni. Mpelelezi alikuwa akipanda ngazi, na nyuma ya miguu yake kulikuwa na kitu kinachomiminika, chepesi, kama mchele unaomwagwa ungoni na mtu asiye na haraka. Akampongeza msomaji moyoni. Kisha akazima, na mpelelezi akanyamaza. Mchele uliendelea kumiminika.

Ulikuwa ndani ya ukuta wa ngazi.

Alimwambia Wanu, na Wanu akamtazama kwa jicho la huruma ambalo si huruma. "Wifi, mwanamke wa eda husikiliza Kurani. Wewe unasikiliza watu wanavyochinjana, kisha unashangaa ukuta unakusemesha."

"Kurani nnaisikiliza alfajiri. Na ukuta hausemi, wifi. Unamwagika."

Wanu alishuka zake. Kila aliposhuka ngazi zile aliupitisha mkono juu ya ukuta na kusema, "Mkono wa kaka yangu huu." Alisema kweli. Miaka kadhaa nyuma, Tabia alipoposwa, Masoud alitaka wageni wa harusi waione nyumba mpya. Aliikwangua chokaa kuukuu nje na ndani, akaipiga nyumba nzima simenti, akaipaka rangi ya maziwa. Mtaa mzima ulikuwa ukibanduka kama mkono wa mwenye ukurutu, nyumba yao ikang'ara. Watu walikuja kuitazama. Azim, mwenye duka la vitambaa ng'ambo ya njia, alipendezewa hata naye akamwita fundi aliyemsaidia Masoud. Na msibani, walipokaa barazani, wanaume walisema mema ya marehemu kama inavyotakiwa, na mema yenyewe mengi yalikuwa ni ukuta.

Ndiyo maana hakuna aliyeishuku nyumba ile. Nyumba zinazoanguka Mji Mkongwe hujulikana kabla: mimea imeota ukutani, boriti zimeinama, watoto wanakatazwa kupita chini yake. Nyumba ya Masoud ilikuwa safi kama yai.

Bi Amne naye asingeshuku, lau si kitabu kimoja cha historia alichokichukia. Vita, masultani, hotuba zisizokwisha. Lakini katikati yake, kama tende iliyosahauliwa mfukoni, palikuwa na sura moja ya wachoma chokaa: jinsi walivyoyapanga matumbawe juu ya kuni, jinsi chokaa ilivyoachwa shimoni hata ikalainika, na jinsi ukuta wa mawe na chokaa unavyoinywa mvua usiku na kuitoa jua likitoka, kama kifua cha mtu. Msomaji aliisoma sura ile polepole. Ni yeye tu, alisema Bi Amne, aliyeipenda.

Aliirudia sura ile. Kisha akanyanyuka, akaenda kuuwekea ukuta wa ngazi kiganja. Ulikuwa baridi na mnyevu kama tumbo la samaki. Akapandisha mkono, akapandisha tena. Unyevu ulimfuata hata juu ya bega. Akakumbuka kwamba baada ya ile harusi unyevu ulikuwa pale chini tu, usawa wa kifundo cha mguu, na Masoud akaufunika kwa koti jipya la simenti. Ukuta ulikuwa ukinywa kutoka ardhini na kutoka paani, na pa kupumulia paliziba. Ndani, chokaa ilikuwa inarudi kuwa tope.

Akamjua muuaji. Ilikuwa bado mapema kitabuni, na jina lake hakuna mtu nyumbani aliyetaka kulitaja. Bi Amne mwenyewe hakulitaja. Alirudi kitandani akakaa, mikono mapajani, akilisikiliza penzi la mumewe likimiminika ungoni.

Alichoweza ni kutaka kutoka. Alimpigia simu Shekhe Munir, imamu wa msikiti wao, Wanu akiwa amekaa ubavuni. Akamuuliza: mwenye eda akiikhofia nyumba aliyomo, afanye nini?

"Khofu ya kweli inaruhusu, Bi Amne," alisema Shekhe. "Roho ni amana. Lakini wasiwasi hauruhusu. Nani aliyeiona hatari yenyewe?"

Kabla Bi Amne hajajibu, Wanu aliinama kwenye simu akamweleza Shekhe habari za vile vitabu. Shekhe alicheka kidogo, kwa adabu, akamnasihi mjane apumzishe masikio.

Akaitwa Anuar, mdogo wao marehemu na Wanu, anayekaa kwenye majumba ya Kikwajuni. Alikuja na mwavuli, akaugonga ukuta kwa vifundo vya vidole hapa na pale, akasema, "Shemeji, nyumba hii itatuzika sote." Alikusudia kuisifu. Wanu alicheka. Bi Amne hakuweza.

Mvua ikashika. Mlango wa chumba cha Wanu ukaanza kukwama. Akaitwa seremala, akaupiga randa mpaka ukafunga vizuri, na baada ya siku chache ukakwama tena upande ule ule. Wanu akasema mbao za siku hizi hazina maana. Mlango ule ulikuwa wa babu yake. Juu ya fremu pakatokea ufa mwembamba kama unywele. Wanu aliupaka dawa ya meno, ukapotea, kisha ukarudi umejipinda. Kitanda chake kilikuwa kimeegemea ukuta ule, ambao upande wake wa pili ndio ngazi. Bi Amne alimsihi akisogeze tu, asitoke, akisogeze. Wanu alijibu kwamba kaka yake ndiye aliyekiweka pale.

Hapo Bi Amne aliacha kumtumia Tabia hukumu za vitabu. Tabia alipouliza kulikoni, mama yake alimjibu kwamba anasikiliza kimoja kirefu, na mwandishi wake hana huruma.

Adhuhuri moja, Wanu aliposimama kusali, Bi Amne alishuka ngazi kwa kupapasa, akaingia chumba cha chini, akaiegemeza simu ukutani kwenye kichwa cha kitanda, akairekodi. Aliiacha mpaka Wanu akatoa salamu. Kisha akamwita akae, akamtia spika za masikioni mwenyewe, kama anayemvisha bi harusi herini.

Wanu hakuwahi kuzivaa. Alikaa wima, macho mlangoni, akasubiri.

"Mbona hajaanza kusoma?"

"Hana msomaji, wifi. Sikiliza."

Mchele ulikuwa umekuwa kokoto. Ulianguka, ukasita, ukaanguka, na katikati yake palipita kitu kizito kinachoteleza, mfano wa gunia linaloburutwa na mtu anayeogopa kusikiwa. Wanu alishika ukingo wa kitanda. Alisikiliza mpaka mwisho, na mwisho ulipofika aliuliza imerekodiwa wapi. Bi Amne akamwonyesha mto wake.

Wanu akavua spika. Akauweka mkono ukutani kama ada yake, lakini safari hii yale maneno yake hayakutoka. Akatega sikio.

"Mbona sasa kimya?"

"Hicho kimya ndicho n'nachokiogopa," alisema Bi Amne. "Laini inayokwaruza bado ni laini hai."

Wanu akaenda kuchukua mabuibui mawili, akamtupia wifi yake moja. "Hii ndo khofu aliyoisema Shekhe," alisema. "Twende zetu."

Walitoka kwenye mvua, mmoja amemshika mwengine kiwiko, Bi Amne amejifunika uso. Azim aliyekuwa mlangoni mwa duka aliwakimbilia na mwavuli. Mwanamke mmoja dirishani, aliyezijua siku za jirani zake kuliko zake, aliuliza kwa sauti ya upole yenye sindano: eda ya Bi Amne imekwisha lini? Wanu alimjibu bila ya kunyanyua kichwa.

"Haijesha. Nyumba inamwagika."

Kesho yake, jua limetoka baada ya mvua yote ile, ukuta wa ngazi ulianguka. Ulichukua ngazi na nusu ya chumba cha chini. Hakukuwa na mtu ndani. Vumbi lilifika mpaka sokoni, na muezini alingoja watu wamalize kukohoa ndipo akaadhini.

Anuar alikwenda kutazama, akarudi kwake Kikwajuni, walikokimbilia wale wawili, na picha katika simu, suruali nyeupe kwa chokaa. Bi Amne picha hazioni, kwa hiyo Wanu ndiye aliyeipokea simu. Akaitazama muda mrefu. Kipande kikubwa cha simenti kilikuwa kimebaki kimesimama peke yake, na rangi yake ya maziwa, na nyuma yake hakuna jiwe.

"Ganda limesimama," Wanu alisema. "Ndani hamna kitu."

Anuar alianza kusema kwamba kaka alipotia ile simenti, pengine… Wanu akamkata. Alimwambia chai inapoa, akanywe.

Eda iliendelea ghorofani Kikwajuni, katika chumba cha zege kisichosema neno. Jina la Masoud lilitajwa kwa dua tu. Vitabu vilirudi, lakini sasa vilikuwa na masikio mawili: spika moja kwa Bi Amne, moja kwa Wanu, na waya katikati yao kama kamba ya kuanikia. Wanu alikuwa msikilizaji mbaya. Aliwaonya watu waliomo kitabuni, na kila mpishi alimshuku.

Jioni moja walifika ukingoni mwa kitabu cha upelelezi. Mpelelezi alikusanya watu ukumbini, msomaji akateremsha sauti, na Bi Amne akazima.

"Mbona umezima? Nani kaua?"

"Sijui, wifi."

Wanu alimgeukia. Tangu wajuane hakupata kumsikia akisema hajui. Nje mvua ilikuwa imeanza upya, ile mvua ya mwisho ya masika inayorudi kama mtu aliyesahau kitu. Spika zilikuwa bado masikioni mwao.

Ndipo simu ikatoa mlio. Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka kwa Azim. Bi Amne aliufungua bila ya kuwaza, akitaraji salamu. Hapakuwa na salamu. Palikuwa na mchele unaomiminwa ungoni, taratibu, na nyuma yake mlango uliokuwa ukisukumwa na kukwama. Mwisho kabisa Azim aliuliza, kama anayeona haya kuuliza: "Bi Amne, ndo hii uliyokuwa ukiisikia?"

Yeye na mkewe hulala juu ya lile duka. Upande wa ukuta wa simenti.

Bi Amne hakuufunga ujumbe. Uso wake aliuelekeza kwa Wanu, ingawa hakuweza kumwona vizuri, akamngoja, kwa kuwa lililobaki kusemwa halikuwa lake kulisema kwanza.

Wanu aliivua spika yake polepole, akaizungusha vidoleni.

"Mwambie ni simenti," alisema. "Atasema ukuta wake mzima, atabisha. Mwambie ni ile ile aliyotia Masoud. Mwambie nimesema mimi, dada yake."

Simu iliita. Azim alipokea, akasema, "Naam," na nyuma ya sauti yake Bi Amne alisikia kokoto.

"Azim, mwamshe mkeo, tokeni nje kwanza," alisema. "Ndipo nikueleze."